Nusu ya Salamu

Kariakoo, Dar es Salaam
12 Januari 2025

Dada Severa,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Wilbert. Akishashusha ndizi zake hapa sokoni Ilala lori linarudi Rombo tupu, kwa hiyo asikuambie hakuwa na nafasi.

Simu yangu imeibiwa. Ni ya tatu tangu Pasaka. Safari hii nilikuwa na robota la vitenge kichwani, mikono yote juu, mtu akaingiza vidole mfukoni taratibu kama ananisaidia. Nilimwona mpaka viatu. Ukiwa na robota kichwani unamkimbiza nani? Sinunui nyingine.

Shida ni baba. Unajua sharti alilonipa nilipoondoka: kila asubuhi nimwamkie kwa ujumbe, kwa kuwa masikio yake hayawezi simu. "Siku nisipoiona shikamoo yako nitajua umekufa." Sasa ni siku kumi na moja hajaiona. Mwambie sijafa. Mwambie kuanzia kesho, Jumatatu, ataipata kutoka namba ndefu asiyoijua. Ni namba ya kazini, dukani kwa Bwana Hamud. Ukiipigia haiiti, ni ya ujumbe tu.

Simu za kuazima sizitaki. Mwenye simu anasimama pembeni anakusikiliza na kuangalia salio, huwezi kusema neno la maana.

Kuhusu Krismasi sina la kujitetea. Hii ni ya sita. Desemba watu wote wa kwetu wanapanda mabasi, maduka yao yanafungwa, mimi nabaki Kariakoo natazama makufuli. Sipendi kuja mikono mitupu. Na mikono ya kuli haiwi mitupu kamwe, ila kilichomo si chake.

Mdogo wako,
Tarsis


Mashati, Rombo
2 Februari 2025

Tarsis,

Marahaba. Umetupa kicheko ambacho hatukuwa nacho siku nyingi.

Jumatatu ile baba alikaa na simu mapajani tangu alfajiri. Hakuna kitu. Saa tisa alasiri ndipo ikatetemeka: "Shikamoo baba. Nimeamka salama." Akaisoma, akatazama jua lilipo, akasema, "Huyu anaamka saa tisa. Amekuwa mlevi au amekuwa tajiri." Jumanne ikaja saa tisa tena. Jumatano ikaja saa kumi na mbili asubuhi, na tangu hapo haijachelewa hata dakika moja. Hata kengele ya kanisani haifuati saa namna hiyo.

Anakujibu kila siku. Anavaa ile miwani yenye uzi, anabonyeza kwa kidole kimoja, chai inapoa mbele yake. Nikichungulia ananifukuza. "Ni mambo yangu na Tarsis."

Kuna jambo amesema atakuuliza mwenyewe. Mimi ameniapisha mbele ya picha ya mama nisiliandike, na unajua siwezi kuvunja hilo. Anasema wewe ndiye kitinda mimba, nyumba hii na kihamba, shamba letu la migomba, ni vyako, na neno lako ndilo atakalolifuata. Basi msome vizuri na umjibu.

Koo linamsumbua. Chakula kinakwama. Mtori wa ndizi tunauponda mpaka unakuwa kama maji.

Dada yako,
Severa


Kariakoo
9 Februari 2025

Dada Severa,

Shikamoo. Nitakuambia kitu, na usimwambie baba. Ile shikamoo ya asubuhi siiandiki mimi. Nimetengeneza mashine inayoiandika.

Bwana Hamud ana binti, Nawal. Jioni anasoma kompyuta chuoni, mchana anakaa stoo kuandika mizigo inayoingia. Aliniona naandika barua juu ya robota, akasema, "Mangi, mwaka huu bado unaandika barua?" Ananiita Mangi kama watu wa hapa wanavyowaita wenye maduka wa kwetu. Ananitania, maana mangi gani anabeba mizigo ya watu. Nikamweleza sharti la baba. Akasema, "Hiyo ni mistari kumi tu. Njoo nikufundishe. Nina mtihani wa jambo hilo hilo. Wewe ukinielewa nitajua na mimi nimeelewa."

Nikamwambia nimeishia kidato cha pili. Akasema, "Mashine haiombi cheti."

Nitakueleza nilivyoelewa. Kuna makampuni ya mbali yana majumba yaliyojaa kompyuta. Zamani ukitaka kompyuta yao ikufanyie kazi, ulikodi moja nzima, iwake mchana na usiku hata kama huna cha kuipa. Siku hizi unaandika ile kazi yako ndogo tu, unaipeleka kwao, inakaa. Saa yake ikifika wanaiamsha kwenye kompyuta yoyote yenye nafasi, inafanya kazi, inazimwa. Kompyuta yenyewe huijui wala hutaiona. Na ile kazi haikumbuki chochote cha jana.

Nikamwambia Nawal, hicho ni kibarua. Hakina duka, hakina kiti. Kinasimama kijiweni mpaka kiitwe, kinabeba mzigo mmoja, kinaondoka, na kesho hakuna anayekumbuka jina lake. Alicheka, halafu akaacha kucheka.

Kwanza tulipakua sanduku la zana kwenye kompyuta ya duka. Sanduku hilo wametengeneza wenye makampuni, na limejaa vitu vilivyo tayari. Huchongi nyundo, unataja tu jina la nyundo na inakuja. Siku ya kwanza kazi ilikuwa kuandika "Habari Tarsis" kwenye kioo. Ilinichukua siku tatu, kwa sababu naingia dakika kumi kati ya lori na lori, na kidole changu kimoja kinabonyeza herufi mbili kwa mpigo. Nilisahau kufunga mabano, kioo kikajaa mistari myekundu. Nilidhani nimeharibu mali ya tajiri. Nawal akasema, "Haijaharibika. Inalalamika tu, kama baba yangu." Nikayafunga mabano. Ikaandika jina langu. Dada, nimebeba mizigo Kariakoo miaka kumi na saba na sijawahi kuona jina langu limeandikwa mahali.

Kosa la saa tisa lilikuwa langu. Pale pa kuiambia iamke saa ngapi niliandika 12, yaani saa kumi na mbili. Kumbe wao wanaanza kuhesabu usiku wa manane, tena kwa saa ya kwao ambayo iko nyuma yetu saa tatu. Sasa nimeandika 3. Nimeandika tatu ili baba apate kumi na mbili. Siku nzima niliirudia kichwani chini ya mzigo nisije nikaisahau.

Ujumbe unapita kwenye akaunti ambayo duka linatumia kuwaarifu wateja kwamba mzigo mpya umeshuka. Majibu ya baba siyaoni. Mashine yangu inatuma tu, haipokei. Yanaingia mahali fulani kwenye akaunti hiyo, mlango wake anao Nawal, na amesema kupokea ni somo la pili, tutalifanya akimaliza mitihani. Kusema kweli sina haraka. Najua anachoniuliza. Miaka sita swali lake ni moja tu: utakuja lini. Wewe mwambie majibu yananifika.

Koo lake mchemshieni tangawizi na asali.

Mdogo wako,
Tarsis


Mashati, Rombo
2 Machi 2025

Tarsis,

Hii anakuletea Candida wa jirani, anakuja huko kumwangalia shangazi yake. Tangu ile ya Januari sijapata barua yako. Lori la Wilbert lilikufa injini pale Same likiwa linarudi, yeye na lori lake wote wako gereji. Kama ulimpa kitu, kiko huko huko.

Mjibu baba. Ananiambia amekuuliza mara nyingi, na kila asubuhi unamrudishia salamu ile ile, neno kwa neno. Jana aliitazama simu, akasema, "Bado ana hasira nami juu ya shule."

Nikamwambia hapana. Sijui kama nilisema kweli. Nakumbuka siku alipokuja shuleni kukuchukua. Baruti ilikuwa imeshampasua masikio, na kule kwenye machimbo asiyesikia filimbi ya kukimbia mawe anakufa. Alihitaji mtu wa kusimama naye na kumvuta shati filimbi ikilia. Ulikuwa masikio yake miaka minne. Mimi nilibaki shule.

Zaidi siwezi kuandika, nimeapa. Lakini swali lake halisubiri. Hata neno moja, Tarsis.

Severa


Kariakoo
23 Machi 2025

Dada Severa,

Shikamoo. Barua hii itakaa mpaka Wilbert atokee. Candida hakuaga alipoondoka.

Nimemjibu baba. Nawal yuko kwenye mitihani, tena ni Ramadhani, stoo haji. Kwa hiyo nimefungua kompyuta peke yangu leo, duka likiwa limefungwa. Nimefuta maneno ya zamani, nimeandika mapya, nimeyapandisha juu bila mtu kunishika mkono. Kuanzia kesho atasoma: "Shikamoo baba. Nimeamka salama. Nitakuja Desemba, nisubiri."

Sasa nimejifunga. Nikisema kwa mdomo nasahau. Hii itamwambia kila asubuhi, hata nikitaka kurudi nyuma haitaniruhusu. Desemba nakuja, na mikono hii hii.

Nikuambie na jingine, maana hapa sina wa kumwambia. Alhamisi mvua ilijaza mto na maji yakaingia chumbani kwangu Jangwani. Saa kumi na mbili asubuhi, mashine ilipokuwa inamwambia baba nimeamka salama, mimi nilikuwa juu ya bati la jirani nalitazama godoro langu linaelea kuelekea barabarani. Nilicheka peke yangu. Mgongo nao tangu Januari haunyooki wote, naubeba ulivyo. Mambo hayo hayamo kwenye mistari kumi.

Hana haja ya kuyajua. Anachotaka ni kuona nimeamka.

Tarsis


Mashati, Rombo
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Tarsis,

Wilbert amefika jana. Amenipa barua mbili kwa pamoja. Ya tarehe tisa Februari ilikuwa chini ya kiti cha lori tangu ilipoharibikia Same, ina mafuta ya injini, lakini inasomeka. Ya pili ni ya Machi, aliichukua huko Dar alipofuata vipuri. Nimezisoma mara mbili, kisha nimekwenda kusimama migombani ili baba asinione.

Kiapo nakivunja. Mama atanisamehe.

Baba ana kansa ya koo la chakula. Januari mwishoni madaktari wa Moshi walituambia bado inaweza kukatwa, lakini akubali kabla Machi haijaisha. Baba aliogopa kisu. Hajawahi kuogopa baruti, akaogopa kisu. Akasema hatamwuliza mtu mwingine ila wewe: aende au asiende. Ukisema aende, ataenda. Hilo ndilo swali lake. Alikuuliza Januari, Februari yote, na Machi yote.

Nilimwekea nafasi tarehe 24 Machi, Jumatatu. Niliona akishikwa mkono atapanda. Asubuhi ile gari lilikuwa barabarani linapiga honi. Amevaa koti la kanisani na viatu. Simu ikatetemeka. Akasoma. Tarsis, uso wake ulifunguka kama mtoto. Akasema, "Amenijibu. Amesema nimsubiri mpaka Desemba, atakuja mwenyewe."

Akainama akavua viatu.

Nilimwomba, nikamgombeza kwa ishara, nikalia. Akasema mwenye nyumba ameshasema.

Jumanne iliyopita nimempeleka kwa nguvu na vijana wawili, tukalala huko. Wamesema imeshapita pa kukata. Wametupa dawa ya maumivu.

Tangawizi, Tarsis. Hata maji hayapiti vizuri.

Sijamwambia kwamba anayemwamkia ni mashine. Hilo utamwambia wewe. Ningekuwa na namba ya tajiri wako ningepiga leo hii. Wilbert anageuza kesho. Rudi naye.

Severa


Kariakoo
15 Aprili 2025

Nawal,

Nimeenda Rombo na Wilbert. Mwambie Bwana Hamud lori la vitenge la leo amtafute Anuari, ni mwaminifu na anaujua mlango wa nyuma.

Baba yangu anakufa. Alikuwa ananiuliza kitu kwa ile namba na mimi sikuwa na pa kusikilizia. Naomba fungua pale majibu yanapoingia. Usinisomee kwa simu ya mtu. Niandikie kwenye karatasi, mpe Wilbert akirudi.

Usiizime bado. Ila ondoa yale maneno ya Desemba. Acha shikamoo tu.

Tarsis


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
17 Aprili 2025

Kaka Tarsis,

Shikamoo. Nimefungua. Ziko tisini na mbili, na siku mpaka jana ni tisini na nne. Siku mbili ambazo hakujibu ni tarehe nane na tisa ya mwezi huu. Sitaziandika zote, mkono hauendi. Nakunakilia hizi.

13 Januari: Marahaba mwanangu. Ni saa tisa. Umekunywa?

15 Januari: Marahaba. Leo umewahi. Vizuri.

30 Januari: Marahaba. Nina uvimbe kooni. Wanataka kunikata. Naogopa. Niende au nisiende. Sema wewe.

31 Januari: Marahaba. Umesoma ya jana?

14 Februari: Marahaba. Nilihitaji masikio nikachukua yako ukiwa mtoto. Kama ndiyo sababu hunijibu ni haki yako. Lakini nijibu.

22 Machi: Marahaba. Jumatatu gari linakuja. Neno moja tu Tarsis.

24 Machi: Marahaba mwanangu. Asante kwa kunijibu. Nitasubiri.

6 Aprili: Marahaba. Desemba ni mbali kidogo. Nasubiri.

Zote zinaanza na marahaba. Hata siku alizokasirika.

Kaka, ni mimi niliyekuambia kupokea ni somo la pili. Kwenye mwongozo wetu iko hivyo: ukurasa wa kwanza unaandika kazi yako, unaipandisha, unaona imetuma, wanakupongeza. Kupokea ni ukurasa unaofuata. Niliona umefurahi, nami nilikuwa na mtihani. Nilifaulu. Mtihani wenyewe waliuliza habari ya kuamsha kazi kwa saa, nikaandika mfano wa shikamoo ya baba yako. Mwalimu aliweka alama ya vyema pembeni.

Hilo sanduku la majibu nilikuwa nimelizoea halina kitu. Wateja wetu wakiona ujumbe wanapiga simu, hakuna anayejibu kwa maandishi. Ningeangalia hata mara moja.

Maneno ya Desemba nimeyatoa. Baba yangu anasema nafasi yako ipo. Amesema kwa sauti ya kufoka, lakini amesema.

Nawal


Mashati, Rombo
11 Mei 2025

Nawal,

Barua yako ilinifika, na nimeisoma zaidi ya mara moja. Usijibebeshe. Mlango wa yale majibu ulikuwa nao wewe, lakini mimi ndiye niliyesema sina haraka. Ningekuomba ungenifungulia siku hiyo hiyo. Niliogopa kuulizwa nitakuja lini. Huo ndio ukweli, na ndio ninaolala nao.

Nilifika Jumatano jioni. Kabla ya kuingia nilivunja jani la sale kwenye uzio wa kihamba. Kwetu mtu akikuletea jani hilo mkononi huwezi kumkatalia msamaha, na halihitaji maneno, kwa hiyo linamfaa hata asiyesikia. Baba alikuwa kitandani, mdogo kama amefuliwa akapungua. Sauti nayo ilikuwa imekwisha. Nilimpa jani. Alilishika, akalitazama huku na huku, kisha akaonyesha daftari la Severa.

Tulizungumza kwa daftari. Ninalo hapa, nakuandikia kama lilivyo.

Niliandika: Shikamoo baba.

Akaandika: Marahaba. Desemba imewahi mwaka huu.

Nikaandika: Baba, ile salamu ya asubuhi haikuwa mimi. Ni mashine niliyoipangia saa. Majibu yako sikuyaona.

Hata moja?

Hata moja.

Nje Severa alikuwa anapasua kuni, nikasikia ameacha.

Na Desemba?

Nilidhani unaniuliza nitakuja lini.

Hilo nalo nilikuwa nauliza.

Kisha akaandika: Kwa hiyo miezi mitatu nimeamkiwa na mashine.

Ndiyo baba.

Inajua saa kuliko wewe.

Mabega yake yalitikisika. Sikujua kama anacheka mpaka nilipomtazama usoni. Akaandika tena, polepole: Nani ameitengeneza?

Mimi. Nilifundishwa na binti wa tajiri, lakini mistari niliandika mwenyewe.

Na kidato cha pili.

Na kidato cha pili.

Akachukua kalamu akapiga mstari chini ya maneno hayo, kidato cha pili, akarudia mara ya pili mpaka karatasi ikachanika kidogo.

Niliishi naye siku kumi na saba. Nilimgeuza, nilimwosha, mgongo wangu mbovu ukapata kazi unayoiweza, maana alikuwa mwepesi kuliko mzigo wowote niliowahi kushika. Kila asubuhi nilikuwa mbele yake nikipiga goti kidogo kama tulivyofundishwa utotoni, naye ananijibu kwa kunigusa kichwani. Saa kumi na mbili kamili simu ikawa inatetemeka chini ya mto. Nilitaka kuichukua niizime. Akanipiga mkono. Anavaa miwani, anasoma, ananitazama mimi, anaitazama simu, halafu anaanza kubonyeza. Nikichungulia ananifukuza kama alivyokuwa akimfukuza Severa. Simu yake ni ya zamani, haitunzi ulichotuma. Sijui alikuwa anaiambia nini.

Amekufa tarehe tatu Mei, Jumamosi, saa nne asubuhi, jua likiwa limeingia ndani. Jumanne tukamzika kihambani, upande wa mama. Shimo nilichimba mimi na vijana wa jirani. Mzee mmoja aliniambia nipumzike, anaona ninavyokunja mgongo. Nilikataa.

Asubuhi ya mazishi simu ilitetemeka mezani. Severa alikuwa peke yake ndani. Aliniletea tu nje, akaiweka mkononi mwangu akarudi kupika.

Sasa naomba uizime, Nawal. Haina wa kumwamkia. Mimi nitakaa hapa kidogo. Nyumba inavuja upande wa jikoni, na Severa hajanisamehe. Sale nimempelekea pia. Amelipokea, ameliweka juu ya kabati. Bado hajasema nami zaidi ya chumvi na maji.

Mshukuru Bwana Hamud kwa ile nafasi. Asiishikilie.

Tarsis


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
18 Mei 2025

Kaka Tarsis,

Pole sana. Mama yangu Zeina naye anakupa pole, na baba pia. Amefunga duka nusu saa jana akaketi na makuli wenzako, nao walikuwa wanamwuliza habari zako. Anuari amesema kile kijiti chako cha kuegemezea mzigo hakuna atakayekigusa.

Nimeizima leo asubuhi. Ni neno moja tu, unaliandika, inauliza kama una uhakika, unakubali. Haikuchukua hata muda wa kuvuta pumzi.

Lakini kabla ya kuizima nilifungua majibu tena. Mwanzoni nilidhani si yangu kuyasoma. Kisha nikaona nisipoyasoma mimi hakuna atakayeyasoma. Umesema hujui alikuwa anaiambia nini. Nakuandikia.

17 Aprili: Marahaba. Mwenzako amefika. Amekonda.

19 Aprili: Marahaba. Ameniambia habari zako. Kumbe hukuwa unanidharau. Hukupewa masikio tu.

24 Aprili: Marahaba. Leo amenipa uji kijiko kwa kijiko. Wewe huwezi hilo.

28 Aprili: Marahaba. Anataka kukuzima. Nimemkataza. Umetembea na mimi miezi mingi.

1 Mei: Marahaba. Nimemwona anachuchumaa akishika mgongo akidhani nimelala. Hukuniambia.

Tarehe tatu Mei haina kitu. Ya mwisho ni ya tarehe mbili. Imeingia karibu saa tatu asubuhi, kwa hiyo aliiandika muda mrefu.

2 Mei: Marahaba mwanangu. Kazi yako umeimaliza. Kapumzike. Huyu yupo.

Nawal